Nyama ya kuchungwa tunaila, majani yake tunayagombania

Haya wadau, leo siasa za Dodoma naziweka pembeni kidogo, tuingie jikoni.

Huko Marekani na Ulaya nyama ya ng'ombe aliyekula majani tu inauzwa ghali kuliko ya yule aliyenenepeshwa kwa mahindi. Inawekewa lebo kabisa, watu wanajisifia. Sasa sisi wa Mngeta tuna nyama gani nyingine? Ng'ombe wa huku anakula majani ya bonde, mpunga ukishavunwa anakula mabua, na kutwa anatembea. Ndiyo maana mafuta yake yana umanjano na supu yake inanukia mpaka kwa jirani. Ila ni ngumu balaa.

Bi mkubwa nyumbani hawezi kuibandika tu kwenye mafuta. Anatwanga papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu, anaipaka, inakaa nusu saa hivi. Halafu chumvi, maji kidogo, mfuniko, moto mdogo wa kuni. Ng'ombe huyu hana mafuta mengi ndani ya mnofu, ukimchochea moto mkali anakakamaa kama soli ya kiatu (nilishajaribu, nikachekwa wiki nzima). Ikilainika maji yanaachwa yakauke, inakaangwa kwa mafuta yake yenyewe, vitunguu na nyanya vinafuata. Wali wa mchele wa hapa hapa, mambo kwisha.

Sasa hoja yenyewe. Kijiweni kila siku nasikia washkaji: "Wafugaji waondoke bondeni!" Jumamosi hao hao wamepanga foleni buchani. Jamani, hiyo nyama mnadhani inatoka wapi?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2002 bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu kule Usangu, na wengine wakaishia huku kwetu na mifugo yao. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuwatoa huku pia. Kisha mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa kuwa Pori la Akiba, na ndani ya pori la akiba huruhusiwi kuchunga.

Sisemi Serikali haina sababu. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji yanatoka bonde hili, na bwawa la Julius Nyerere linayategemea hayo hayo. Sheshe nao wanaisha. Na mkulima ana kilio cha kweli: shamba letu liliwahi kulishwa usiku mmoja, asubuhi tukakuta matope na vinyesi, msimu ukaishia hapo. Mzee hakulipwa hata shilingi.

Lakini angalia hesabu ya ardhi. Upande mmoja pori. Upande mwingine mashamba ya mpunga, na hapa Mngeta pekee kuna lile shamba kubwa lililokuwa la KOTACO, baadaye KPL, zaidi ya hekta 5,000. Katikati kuna sisi na vijaruba vyetu. Majani ya ng'ombe yamebaki wapi? Kumfukuza mfugaji hakujawahi kulijibu hilo. Anatoka Usangu anaingia Kilombero, akitolewa Kilombero anahamia kwa mwingine, ugomvi unahama naye.

Sheria ya maeneo ya malisho ipo tangu 2010, nayo inavipa vijiji nafasi ya kutenga eneo la kulishia. Kwa mtazamo wangu shughuli ianzie hapo: eneo lenye mipaka inayoonekana, idadi ya ng'ombe inayojulikana, na njia ya kufika mtoni isiyopita kwenye mpunga wa mtu. Mabua nayo yaandikiwe makubaliano. Mkulima anafungua shamba baada ya kuvuna, ng'ombe wanakula na kuacha mbolea, atakayeingiza mifugo kabla ya mavuno analipa. Wapo wanaopatana hivyo kwa mdomo, na wanakula nyama pamoja bila fimbo wala panga.

Watasema ng'ombe wakiwa wachache nyama itapanda bei. Itapanda kweli. Mimi niko tayari kula mara moja kwa wiki badala ya mbili, bi mkubwa ataongeza perege. Nyie wa Malinyi, Mlimba na Ifakara mjini, kijijini kwenu eneo la malisho limetengwa au bado ni maneno ya mkutanoni? Mwageni hapo chini.