Gari linachemsha kwenye foleni tu? Feni ipimwe kwanza

Mshale wa joto ukipanda gari likiwa kwenye foleni, kisha ukashuka barabara inapofunguka, mzazi anayepeleka watoto shule ameshapata nusu ya jibu. Gari likikimbia, upepo wa barabarani hupoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo hubaki kwa feni ya umeme. Kwa hiyo gari linalochemsha pale Ubungo na kutulia likishika mwendo wa Kibaha, mara nyingi lina tatizo la feni. Ni rahisi kuuziwa mota mpya kabla mtu hajapima hata fyuzi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, dereva awashe AC. Kwa magari mengi feni huanza kuzunguka muda si mrefu. Ikizunguka kwa AC lakini ikagoma injini inapopata moto, mota ni nzima. Wa kushukiwa ni sensa ya joto au waya zake. (Yapo magari yenye feni mbili. Hapo lazima kuangalia ni ipi iliyozunguka.)

Isipozunguka kabisa, kifunguliwe kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya feni huwa kubwa, mara nyingi ya ampea 30 au 40. Ikiwa imekatika, mpya iwe ya ampea zilezile. Ikikatika tena, mota inakwama au kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kualika moto ndani ya gari la watoto.

Inafuata rilei, kile kiboksi kidogo cheusi. Fundi anaweza kuazima ya honi kwa dakika chache, kama namba na miguu yake vinafanana. Feni ikiamka, gharama ni ya rilei tu. Isipoamka, mota ichomolewe plagi na ipewe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu, fedha ya mota ibaki ya ada: itafutwe plagi iliyoyeyuka, waya wa ethi wenye kutu, au sensa.

Baadhi ya mafundi hukwepa yote haya kwa kuiunga feni izunguke muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Kwa kufika nyumbani siku hiyo, sawa. Kama tiba, hapana. Mota huchoka mapema na ubovu hubaki palepale. Kwenye magari mengi kompyuta hutumia sensa ya joto kupima mafuta ya injini pia, kwa hiyo ikiwa ndiyo mbovu, gari linaweza kuendelea kunywa mafuta kupita kiasi.

Watoto wasisogee boneti likiwa wazi, kwani feni nyingine huanza zenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Na gari likichemsha njiani, liwekwe pembeni, injini izimwe, watoto washukie upande wa mbali na magari. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Maji yake yana presha na huruka usoni. Anayesema "nasogea kidogo tu hadi getini kwa shule" anaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi, na hapo injini itabidi ifunguliwe.