BARAZANI: Mzigo Mzito Umpe Nani?



Ndugu wasomaji, mwezi huu baraza letu limehamia msituni. Jumamosi moja ya kiangazi, baada ya sala ya alfajiri, mimi na mwanangu wa miaka kumi na minne tulitoka Saint Paul kwa baskeli, tukikusudia kulala usiku mmoja katika hifadhi ya William O'Brien, kando ya mto St. Croix. Maili 18 za mwanzo tulizipita kwenye njia ya Gateway, ambayo zamani ilikuwa reli. Kwa kuwa garimoshi haliwezi mlima mkali, njia hiyo haina miinuko mikubwa, nasi tulikwenda tukizungumza.

Taabu ilianza njia ilipokwisha, hapo Pine Point. Mbele yetu palikuwa na barabara ya vilima katikati ya mialoni na misonobari. Nami nilikuwa nimepakia kama mtu anayehama: mchele, sufuria, birika, mablanketi na galoni mbili za maji, vyote vimerundikwa juu ya keria ya nyuma na kufungwa kwa mipira ya tyubu, kama wafanyavyo wachukuzi wa mkaa kwetu. Nilisahau kwamba wachukuzi wale wafikapo mlimani hushuka wakasukuma. Mimi, kwa kujiona, nilibaki juu ya tandiko.

Kilima cha kwanza nilikipanda kwa kuhema. Katika kuteremka, mzigo ukaanza kunisukuma; gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukatetemeka, nikaangukia majanini. Alhamdulillahi, nilichubuka kiwiko tu.

Mwanangu hakunicheka. Alifungua mipira yote akapanga upya: maji na mchele chini kabisa, ubavuni mwa gurudumu, nusu kulia na nusu kushoto, mablanketi juu, na sehemu ya uzito akaihamishia mbele ili usukani utulie. Kisha akachukua sufuria na galoni moja ya maji, akaenda kuzifunga kwenye baskeli yake. "Hivi vinakutosha, Baba," alisema. Ndipo nilipoitazama baskeli yake, nikaona kwamba tangu asubuhi ilikuwa imebeba hema.

Wahenga walisema: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wapagazi hao wa karne ya 19 walibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mtu takriban frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Lakini wao walikuwa watu wazima, na walipatana ujira. Je, nyumbani kwangu Mnyamwezi ni nani? Barua ya mwenye nyumba huisoma mtoto. Simu ya hospitali huijibu mtoto. Mwezi wa Machi alikosa mtihani ili akamfasirie mama yake kwa daktari, nami nikamsifu kwa utiifu wake bila kuuliza uzito wa alichokisikia mle ndani.

Tulifika mtoni kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa safari yetu haikufika marhala mbili, ambazo ni zaidi ya kilomita 80, hatukufupisha. Tulisali rakaa nne kamili tukielekea kaskazini mashariki. Baada ya sala nikamwambia: "Safari ijayo ya hospitali, tutaomba mkalimani." Hakujibu. Alitia mchele sufuriani, akaanza kupiga mluzi.

Ndugu wazazi, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani bila malipo. Tumwombe mapema, tunapopanga siku ya miadi. Nami nimejiandikisha katika darasa la Kiingereza la jioni. Watoto wetu watusaidie, ndiyo. Lakini mzigo upimwe kwanza, na mkubwa abebe ulio wake.

Tuonane mwezi ujao, Insha-Allah.