Mtoi Akigongwa Kichwa, Usimfungie Kwa Giza Wiki Nzima

Wazazi, hii yenu. Mtoi ameangukia kichwa kwa raga ya shule, daktari amemcheki na kusema ni mtikisiko wa ubongo. Mkifika nyumbani unafanya nini? Wengi mtazima taa, mfiche simu na kumwambia alale hadi apone.

Hiyo stori imepitwa na wakati.

Wataalamu wa majeraha ya michezo walikutana Amsterdam Oktoba 2022, na msimamo wao ukatoka 2023. Mtoto apumzike siku moja ama mbili za kwanza, na hata hapo si lazima ashinde kitandani. Kutembea tembea ni sawa. Simu na TV ndizo za kupunguza kwa hizo saa 48. Baada ya hapo, aanze mazoezi mepesi.

Mbona wakabadilisha? Cheki namba. Kanada, watafiti walifuatilia watoto zaidi ya 3,000 waliopelekwa kasualti na hii shida. Kati ya wale walianza kusonga wiki ya kwanza, karibu robo bado walikuwa na dalili baada ya siku 28. Kwa wale walikaa tu, ni zaidi ya asilimia 40.

Utasema labda hao wa kwanza hawakuwa wameumia sana. Fair. Ndio maana watafiti wa Buffalo, Marekani, waligawanya vijana 103 kwa bahati nasibu: wengine mazoezi mepesi ya kupandisha mapigo ya moyo, wengine kujinyoosha tu. Matokeo ya 2019? Siku 13 kupona dhidi ya 17.

Sasa makocha, msichukue hii vibaya. Mazoezi hapa ni kutembea haraka, si kurudi kwa scrum. Kichwa kikizidi kuuma, aache, ajaribu kesho. Mechi ingoje dalili ziishe na daktari aseme ndio, juu kugongwa tena kabla ubongo upone ni ngori. Na mtoi atakushow ako fiti, bora asipoteze namba kwa timu. Mkatalie.

Na kama anatapika tena na tena, anapata kifafa, ama ni ngumu kumwamsha, hiyo si ya kutembea wala kulala. Ni hosi, saa hiyo hiyo.

Kwenu mnafanyanga aje mtoi akigongwa kichwa?