Joho la Kukodi Sawa, Tasnifu ya Kununua Hapana!

Msimu wa mahafali ukifika, status za watu wa Kasulu na Kibondo zinajaa picha za joho. Keki imekatwa, vigelegele vimepigwa, ndugu wamekula pilau. Hakuna ubaya, watu wamesota. Shida ni wale ambao ukiwauliza utafiti wao ulihusu nini, wanaangalia pembeni.

Majina yakae kando, lakini mtaani wanajulikana. Yupo dada wa Kasulu, mwalimu, anayesoma kwa masafa. Mchana yuko darasani, usiku analea, na msimamizi wake anajibu meseji akijisikia. Yupo pia kaka wa Kibondo, mtu wa ofisini, ambaye Kiingereza cha kitaaluma kinamtoa jasho. Wote wawili walipewa ofa ileile: leta mada na hela, tasnifu utaichukua Ijumaa. Dada akagoma, kaka akalipa. Sura ya tatu ya kaka ikarudi na wino mwekundu, maana ilitaja kata za Moshi. Kumbe kauziwa desa la mtu mwingine!

Kuna wanaomcheka dada kwamba anajitesa. Wamcheke tu, lakini yeye ndiye aliyeshinda. Shahada ikigundulika ni ya wizi wa maandishi, chuo kinaweza kuifuta hata miaka kadhaa baadaye. Na kubwa zaidi, kaka ameuza kitu ambacho wageni wanapanda ndege kukitafuta.

Mdau, Buha siyo pori la kitaaluma. Mwaka 1959 J. H. Scherer alichapisha makala kuhusu Waha katika jarida la Anthropos. Miaka ya 1990 Margot Lovett wa Chuo Kikuu cha Columbia aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu vibarua waliohama, wazee na wake zao katika nyanda za juu za Buha. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, imeandikwa na watafiti wa kila kona ya dunia. Wengi wao walihitaji mkalimani. Mwalimu wa Kasulu anayeongea Kiha hamhitaji. Wazee waliokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga wamebaki wachache, na kila msiba unaondoka na chanzo kimoja ambacho hakipo Google.

Kazi yenyewe haihitaji uchawi. Mada ianze na swali moja dogo linalojibika. "Elimu Kigoma" ni bahari. "Kwa nini wasichana wa kata fulani hukosa shule msimu wa kilimo" ni swali. Google Scholar haina kiingilio, African Journals Online ina makala nyingi za bure, na Chuo Kikuu Huria kimeweka tasnifu za wanafunzi wake mtandaoni. Bando likiwa dogo, mtu apakue usiku asome mchana. Wikipedia ni mlango tu. Ashuke chini kwenye marejeo yake, akasome huko. Akili mnemba nayo iangaliwe kwa jicho kali, kwani hutunga vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa.

Akisoma, aandike hapohapo mwandishi, mwaka, kichwa na ukurasa. Kubadilisha maneno mawili matatu bila kutaja mwenyewe bado ni wizi. Akienda kwa mzee, aombe ridhaa, aandike tarehe, amsomee alichoandika. Barua ya chuo na ya halmashauri ziwe mkononi, na kambini haingii mtu bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani.

Vyuo navyo visijifiche. Msimamizi anayekaa miezi na sura moja ndiye anayewapelekea wateja wauzaji. Mtu wa Kibondo yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma mjini, hawezi kwenda kila wiki kubisha hodi. Kozi ya uandishi ije mwaka wa kwanza, isisubiri mwaka wa mwisho watu wakiwa wamepagawa.

Lakini hata chuo kikizembea, jina lililo juu ya jalada ni la mwanafunzi. Joho hukodiwa na kurudishwa Jumatatu. Tasnifu inabaki maktabani, na siku moja mtoto wa mwenyewe anaweza kuifungua.

Mdau, ungekuwa wewe ungelipa au ungegoma?