Tamasha la Jahazi na Kikao cha Wanawake



Juma hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba moja hutajwa kwa furaha na katika nyumba ya pili hukunjiwa uso, nalo ni sinema. Hatukusudii kila sinema. Tunakusudia tamasha la filamu la ndugu zetu wa Unguja, ambalo limedumu zaidi ya robo karne katika Mji Mkongwe. Historia yake ina funzo kwa kila mji wa mwambao unaotaka kukusanya watu wake bila ya kuwavunjia heshima.

Tamasha hilo halikuota jangwani. Zanzibar ilikuwa na majumba ya sinema tangu zama za ukoloni, na katika miaka ya 1950 watu wa kila kabila walikutana humo kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri. Filamu ya Awara ya mwaka 1951, aliyoiongoza na kuigiza Raj Kapoor, ilizungumzwa vibarazani muda mrefu baada ya pazia kufungwa. Tena palikuwa na maonyesho yaliyotengwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Mama zetu walijifunga mabuibui, wakafuatana na mashoga na mabinti zao, wakaingia wakiwa na stara na wakatoka na mazungumzo ya wiki nzima. Mapenzi hayo yalienea pwani yote. Wapenzi wa tarabu ya Mombasa wanajua namna marehemu Juma Bhalo alivyovitia maneno ya Kiswahili vidato vya filamu za Kihindi, vikawa vyetu.

Kisha mambo yakabadilika. Televisheni iliingia Zanzibar mapema miaka ya 1970, ikafuatiwa na kanda za video, na majumba ya sinema yakaanza kufa moja baada ya jingine. Filamu hazikuondoka, ila kikao kilivunjika. Kila nyumba ikatazama chake, na yale maonyesho ya wanawake yakabaki katika kumbukumbu za mabibi.

Mwaka 1997 iliasisiwa taasisi ya tamasha la filamu la Zanzibar, na mwaka uliofuata, 1998, tamasha la kwanza likafanyika. Waanzilishi walilipa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi, na tuzo yake kuu ikaitwa Jahazi la Dhahabu. Jina hilo lilikuwa na maana. Jahazi ndilo lililotuunganisha na Uarabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi. Ndilo lililoleta ndugu, vitambaa, vyakula na maneno. Kwa hivyo filamu za nchi hizo zilialikwa pamoja na za Afrika. Makao makuu ya maonyesho yakawa Ngome Kongwe, ile waliyoijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatoa Wareno, ambapo watu hukaa wazi chini ya nyota. Muziki nao ulikuwa sehemu ya tamasha, na Bi Kidude ni miongoni mwa waliopanda jukwaani hapo.

Lau mambo yangeishia Ngomeni, tusingekuwa na haja ya kuliandikia. Mikusanyiko ya wageni na kamera ni mingi duniani, na mwenye mji huwa mtazamaji wa watazamaji. Lililolitofautisha tamasha hili ni mambo mawili. La kwanza ni kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba. Mitambo na pazia vilipakiwa garini, vikafungwa uwanjani, na watu wakatoka majumbani kwao wakakaa chini bila ya kiingilio. Mama mwenye mtoto mgongoni hakuhitaji nauli ya kwenda mjini, wala hakuhitaji kujieleza kwa nini yuko nje ya mji usiku. Sinema ilimfuata alipo.

La pili ni jukwaa maalumu la wanawake. Humo filamu haikuwa mwisho wa shughuli, ilikuwa mlango wake. Watu walitazama, kisha wakakaa kuzungumza juu ya ndoa, kazi, maradhi na malezi ya watoto. Anayewajua wanawake wa pwani anajua kwamba yapo mambo ambayo haulizwi mtu moja kwa moja. Lakini ukiuliza, “Yule mke wa kwenye filamu mnamwonaje?” majibu hayamaliziki, na kila mmoja anajua ni nyumba gani inayosemwa. Kile kikao cha zamani kilichovunjika kikarudi kwa sura nyingine.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalitambui. Mazoea ya tamasha yalikuwa kufanyika mwezi wa Julai au karibu nao. Ramadhani ilipoingia katika majira hayo, tamasha lilihama. Mwaka 2013 lilimalizwa tarehe 7 Julai, mfungo ukiwa mlangoni. Mwaka 2014 lilivutwa nyuma hadi katikati ya Juni. Mwaka 2015 lilingoja, likafunguliwa tarehe 18 Julai, Ramadhani ikiwa imekwisha. Wageni wa ng'ambo walipanga safari zao kwa kuufuata mwezi wa Kiislamu, si wenyeji kupanga ibada yao kwa kuwafuata wageni. Huo ndio mji kuheshimiwa na mgeni wake.

Hatusemi kwamba hapana malalamiko. Mkusanyiko mkubwa huleta mavazi na mienendo isiyolingana na mila za mji, na si kila filamu inafaa kutazamwa na baba akiwa kando ya binti yake. Wazee wanaosema hayo wasipuuzwe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi ni haki ya mwenyeji kuuliza kama amepona. Hata hivyo, dawa ya filamu mbaya haijawa kuyafunga macho. Wana wetu wanatazama kila usiku, peke yao, simuni, chini ya shuka, na hapana shangazi wa kuwauliza wamefahamu nini.

Isitoshe, asiyejisimulia husimuliwa. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, imegeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na Unguja ya miaka ya 1950 ikaonekana kwa Kiswahili chake. Huku kwetu, filamu ya Watatu ya mwaka 2015 ilitengenezwa Mombasa juu ya kijana anayevutwa na itikadi kali, nayo ikavuka bahari ikaonyeshwa Zanzibar. Mama wa Majengo au Kisauni hahitaji kufafanuliwa hofu iliyomo ndani yake.

Kwa hivyo tunalo pendekezo. Miji yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu haihitaji kuanza na ngome wala wageni wa ng'ambo. Kinachohitajika ni ukumbi wa shule au wa jumuiya, pazia jeupe, kikundi cha akina mama wanaoaminika kuchagua filamu, saa isiyogongana na Swala, na siku ya wanawake peke yao. Baada ya filamu, taa ziwashwe na watu wasiondoke. Chai imiminwe, mazungumzo yaanze. Mabanati wakae karibu na mabibi zao wasikie, na wao pia waulizwe wameona nini.

Tukikutana juma lijalo, inshallah, tutafurahi kusikia ni mtaa gani uliotangulia.

Wassalaam.