Anayejenga njia panda aoneshe magari yatasimama wapi

Mkulima wa Ngungu hana taa za barabarani kijijini kwake, wala mzunguko. Huenda akashangaa tukimwambia kwamba ghorofa linalojengwa Goma linamhusu. Linamhusu sana. Lori lililobeba viazi na maharagi yake hushuka milima ya Masisi kwenye matope na mawe, likafika Sake, kisha likaingia barabara moja inayotegemewa na kila mtu. Kutoka Sake hadi katikati ya Goma ni kama kilomita 27. Aliyevuka milima yote hiyo hukwama tena mjini, mzigo ukiwa juani na mnunuzi akipiga simu kuuliza uko wapi.

Goma haina pa kupanukia. Kusini ni ziwa, mashariki ni mpaka wa Rwanda, kaskazini ni Nyiragongo, ambayo lava yake ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 na kufika tena Buhene Mei 2021. Kwa hiyo mji umejinyoosha magharibi, Katindo, Ndosho, Mugunga, na kila mtaa unaoongezeka unamwaga watu wake kwenye barabara ileile ya Sake.

Penye njia panda ndipo penye wateja. Kila mwenye fedha anataka kiwanja pale: kituo cha mafuta, hoteli, duka la vifaa vya ujenzi, ghorofa lenye maduka chini na ofisi juu. Hatumlaumu kwa kutafuta riziki. Tunalaumu muhuri unaogongwa kwenye ramani yake bila mtu kuuliza lango litafunguka upande gani, wateja watasimama wapi saa mbili asubuhi, na lori la saruji litashusha mzigo mahali gani.

Mzunguko ni kitu rahisi kukiua. Unafanya kazi pale tu kila anayeingia anapoweza kutoka. Gari moja likisimama kwenye njia ya kutokea, likisubiri kukata kuingia kwenye lango la duka, yaliyo nyuma yake yanapanga mstari. Mstari ukirefuka unazunguka duara lote na kuziba njia nyingine tatu, hata za watu wasioelekea huko kabisa. Motari wanapenya katikati, polisi wa roulage anapuliza filimbi, na hakuna anayesogea. Chanzo ni lango moja la mita chache.

Ikifika hapo, wa kwanza kufukuzwa ni mama mwenye beseni la ndizi. Halafu motari. Halafu msukuma chukudu, ambaye mji umemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko lakini haujampa hata mita moja ya barabara. Mwenye ghorofa haguswi, maana ana karatasi.

Basi karatasi hiyo ibebe masharti. Lango la magari lisifunguke kwenye njia panda, liwe kwenye barabara ya pembeni. Maegesho yawe ndani ya kiwanja, na wasiokuwa na nafasi ya maegesho wapunguze ghorofa. Malori yashushe usiku au alfajiri. Mwenye jengo aache ukanda wa waenda kwa miguu, ajenge mfereji wa maji ya mvua, na atenge mahali pa motari kusubiri abiria, kwa sababu watakuja tu, apende asipende. Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inataka mradi unaoweza kuyaathiri uchunguzwe kabla haujaanza. Moshi wa magari yaliyosimama kutwa na watoto wanaovuka katikati yake havijawa athari?

Tutaambiwa kwamba masharti yatawakimbiza wenye mitaji katika mji ambao vita vimeuchosha. Hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama haiondoki kwa kutotajwa, inahamia tu kwa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mwenye mzigo unaooza. Kurekebisha baadaye ni ghali zaidi. Dar es Salaam ililazimika kujenga daraja la juu Tazara, lililofunguliwa 2018, kisha la Ubungo mwaka 2021. Kinshasa ilianza madaraja yake ya sauts-de-mouton mwaka 2019, na kwa muda mrefu uzio wa ujenzi wenyewe ndio ulioziba njia panda. Goma haina fedha za namna hiyo. Ina kalamu ya anayetia saini, na hiyo haigharimu kitu.

Sake ndiyo inayotutia hofu zaidi. Pale barabara ya Masisi inakutana na ile ya Minova na Bukavu, na amani ikirudi, kila kitu kitapita hapo: mbao, makala, jibini, ng'ombe, abiria. Viwanja vya kona vitauzwa kwanza. Mamlaka yoyote itakayokuwa na muhuri siku hiyo ipime njia panda sasa, ipige vigingi, na kutenga mahali pa malori kuegesha kabla ukuta wa kwanza haujasimama. Ngungu nayo ifanye hivyo sokoni kwake. Leo ni kazi ya asubuhi moja, kwa kamba na watu wanne.