Sahara Ina Wenyewe

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu cha kusikiliza kiitwacho Project Hail Mary kimejiuza hasa. Mtunzi wake ni Andy Weir wa Marekani, kilitoka mwaka 2021, na anayekisoma ni Ray Porter. Wenzangu walikisifu mpaka nikaona nimepitwa. Likizo ilipofika nikakisikiliza chote kwenye simu ya nyumbani, zaidi ya saa 16. Kusema kweli, kimenivunja moyo.

Sina ugomvi na sauti. Porter anasoma vizuri mno, na kiumbe wa sayari nyingine anapozungumza unasikia kama ala za muziki. Hadithi pia inasisimua: vijidudu vinakula nguvu za jua, dunia iko hatarini kuganda, na mwalimu wa sayansi anarushwa kwenye nyota ya mbali kutafuta dawa.

Lakini chombo kinahitaji mafuta, na mafuta ni vijidudu vile vile. Ili kuvizalisha, wakubwa wanakata shauri kutandaza mabamba meusi juu ya robo ya jangwa la Sahara. Sahara ina kilomita mraba milioni 9 hivi. Robo yake ni karibu mara nne ya Kenya nzima! Je, aliulizwa nani? Mkuu wa mradi ni Mholanzi. Wanaanga watatu ni Mmarekani, Mchina na Mrusi. Watuareg na ngamia wao, watu wa Agadez na Timbuktu, sikuwasikia wakipewa neno. Afrika imetoa ardhi, basi.

Jamani, sisi Abagusii tunajua ardhi ni nini. Kwetu hata mstari wa mpaka kati ya ndugu wawili huitiwa wazee. Mji wa Keroka umegombaniwa na kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira, tangu ugatuzi uje mwaka 2013. Sasa eti bara zima litwaliwe robo ya jangwa lake, na hakuna hata mzee mmoja wa kukohoa?

Najua mtaniambia, "Wewe nawe, si ni hadithi tu?" Ndiyo, ni hadithi. Lakini hadithi za kesho ndizo zinazomwonyesha mtoto nani atakuwako kesho, na akifanya kazi gani. Na ukweli ni kwamba sisi si wageni wa anga. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Naye Katama Mkangi, Mkenya mwenzetu, alimrusha Dzombo angani kwa Kiswahili sanifu katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995.

Kwa hivyo natoa rai kwa chama chetu. Tutunge hadithi zetu za anga, tuzisome kwa sauti na tuzirekodi. Waliozoea kusimuliwa na nyanya jioni hawashindwi kusimulia. Tukinyamaza, wengine watatusimulia, na katika masimulizi yao tutakuwa mchanga wa kutandikia mabamba. Mwaonaje, wasomaji wenzangu?

Mwanachama, Kidato cha Tatu